Adhana ya Nani

Katika vichochoro vya nyuma ya soko la zamani la Muharraq, Lulwa binti Isa walimwita Mwewe, na mwenyewe hakukasirika. Jina alilipata kwa kidole. Mtu akitaka friji, zulia la Kiajemi au kabati la kioo, na bei za dukani hazimfai, alimwendea Lulwa akamwambia. Lulwa akaingia kwenye simu yake, katika yale makundi ya mnada ambako watu huweka picha za vitu vyao na wengine hupandishiana bei. Hapo akakaa kimya. Wenzake walitaja bei asubuhi, wakapandishiana mchana, wakarushiana maneno ya kuumana kwa adabu, naye yuko jikoni anakatakata vitunguu. Mnada ukibakiwa na pumzi moja, ndipo aliposhuka. Ujumbe mmoja, bei moja, basi. Wenzake wakija kushtuka, kifaranga kishakwenda.

"Hivi wewe huoni haya?" Zahra alimuuliza siku aliyomshuhudia akinyakua mashine ya kufulia. "Watu wameshinda wanapigana, wewe unakuja mwishoni unabeba."

"Haya ya nini? Kuna mtu nimemkataza kungoja?"

"Mwizi tu wewe."

"Mwizi halipi, shoga. Mimi nalipa."

Zahra alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, tangu wote wawili wanatambaa. Ukuta ulikuwa mmoja lakini misikiti miwili. Kwa akina Lulwa magharibi huadhiniwa jua likizama tu. Kwa akina Zahra wanangoja kwanza mpaka ule wekundu uondoke mbinguni, ndipo muadhini wao naye apande. Walipokuwa watoto, tofauti hiyo ilikuwa neema ya Ramadhani. Walifuturu kwa Lulwa, wakafuta midomo, wakapita uani mbio na kuketi kwa Zahra kabla tende hazijaguswa, wakafuturu tena kwa nyuso za watu walioshinda na njaa. Mama yake Zahra alijua, akawapakulia vilevile.

Ujanja wa kungoja Lulwa hakufundishwa na simu. Aliupata kwa bibi yake Moza, soko la samaki, yeye akiwa mdogo ameshika pindo la baibui lake. Bibi Moza hakumtazama kabisa samaki aliyemtaka. Aliuliza bei ya dagaa, akalalamika juu ya dagaa, akawanusa dagaa, na moyo wake wote uko kwa chewa aliyelala pembeni. Barafu ilipoyeyuka na mwuzaji kuanza kulitazama jua kwa wasiwasi, ndipo aliposema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na huyo mkubwa je, unampeleka wapi saa hizi?"

Lulwa akaongeza vyake. Hakutaja bei iliyokatika sawasawa, kwa kuwa watu wengi hukomea kwenye hamsini na yeye huweka hamsini na kidogo. Hakusifu kitu cha mtu. Na hakujitambulisha. Pale penye picha ya mwenye simu aliweka ndege, na jina akaandika herufi moja tu.

Lakini mwaka huo kidole kilikuwa hakitulii. Lulwa alikuwa na mimba. Nyingine zilikuwa zimetoka, na hii ilikuwa imefika mahali ambapo zile hazikufika. Kwa hiyo hakujua tena namna ya kukaa. Akiketi alitaka kusimama. Akisimama alihisi kiuno. Alikunja nguo zilizokwisha kunjwa. Mumewe, Ghanim, akitoka kiwandani alimkuta amehamisha viti.

"Vilikuwa vibaya pale?"

"Vilikuwa vinanitazama."

Ghanim akacheka, akakaa pale viti vilipohamia. Alikuwa mtu mpole. Hakumwuliza kwa nini hajanunua hata soksi ya mtoto. Alijua. Lulwa hakutaka kitu chochote cha mtoto kiingie ndani ya nyumba kabla ya mtoto mwenyewe, asije akavitazama tena vitu visivyo na mwenyewe kama mara ile. Nguo ndogo ya mara ile, ya manjano, bado ilikuwa chini kabisa ya sanduku.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Jumatatu moja, alipokuwa akipitisha picha kwenye simu bila kutafuta lolote. Akaliona susu.

Lilikuwa susu la mtoto la mbao, la kubembea, lenye vijiti vilivyochongwa mviringo, rangi yake nyekundu na kijani imechujuka. Yapo mengi ya aina hiyo. Lakini hili kwenye ubao wa kichwani lilikuwa na doa jeusi, umbo la kwato, na Lulwa alilijua doa lile kama anavyolijua kovu la goti lake. Bibi Moza aliwahi kukiegemeza chetezo pale, ubani ukamlevya, akasinzia, na mbao ikaungua. Ndani ya susu alikuwa amelala Lulwa. Hadithi hiyo ilisimuliwa kila Idi, na kila Idi Bibi Moza alikana kwamba alisinzia.

Nyumba ya marehemu bibi ilikuwa imeuzwa na mjomba wake mwezi uliopita. Mjomba alisema vyombo vilivyomo ni takataka, akamwachia mfanyabiashara wa vitu vya kale, mtu aitwaye Bu Hadi, wa ng'ambo ya daraja, ambaye alikuwa na kundi lake la mnada. Lulwa hakuwahi kuwamo kwenye kundi lile. Akajiunga saa hiyohiyo, ndege wake na herufi yake moja. Masharti yalikuwa juu kabisa, kwa maandishi manene: mnada unafungwa Alhamisi kwa adhana ya magharibi, na baada ya adhana hakuna bei.

"Adhana," akamwambia Zahra uani. "Wengine wanafunga kwa saa, huyu anafunga kwa adhana. Nimempenda."

"Nunua jipya, mwenzangu. Maduka yamejaa."

"Jipya silitaki."

"Juzi ulisema hutaki hata soksi."

Lulwa akavuta uzi kwenye pindo la nguo. "Hili halinunuliwi kwa ajili ya mtoto," akasema mwishoni. "Hili lilikuwapo kabla. Linarudi tu."

Zahra akamtazama, akaacha utani.

Siku zile tatu zilikuwa ndefu. Watu walitaja bei, wakaachia njiani, mpaka akabaki mmoja ambaye kila akipandishiwa alipanda tena. Huyo alikuwa Nawaf, kijana aliyefungua mgahawa wa kahawa katika nyumba iliyokarabatiwa mtaa wa tatu kutoka kwao, ambako mitungi na redio za mabibi wa watu zilipangwa ukutani kama mapambo. Nawaf hakujificha. Aliandika kwa jina lake na picha ya mgahawa wake, na alijua kabisa ndege yule ni nani kwa kazi zake, ingawa si kwa sura.

"Naona Mwewe kaingia," akaandika Jumatano. "Ndugu zangu, ficheni vifaranga."

Wenzake wakacheka.

"Nitaweka vyungu vya mpungate humo," akaendelea Nawaf. "Vitatu. Wateja watapiga picha mpaka wachoke."

Lulwa akaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Akaiinua. Akaiweka tena. Miiba, ndani ya susu la Bibi Moza. Mara nyingi siku hiyo aliandika maneno, akaeleza lile doa, akaeleza chetezo, na kila mara akafuta. Alisikia bibi yake akinusa dagaa. Usimwonyeshe unachokipenda, atakupandishia.

Alhamisi alasiri alilikunja zulia, akakaa sakafuni karibu na dirisha ambako simu inashika vizuri. Bei alishaiandika, ya Nawaf na kidogo juu yake, inangoja kidole. Ghanim alikuwa akitawadha. Jua lilishuka nyuma ya matangi ya maji ya mapaa. Alisikia kipaza sauti cha msikiti kikikwaruza, muadhini akikohoa kidogo kama kawaida yake, akivuta pumzi.

Hapo ndipo siku zote aliposhuka. Lakini mtoto akageuka tumboni, mgeuko mzima, kama mtu anayevuta shuka. Lulwa akashika tumbo kwa mkono ule wa kidole. Haikuwa muda. Ilikuwa nusu ya pumzi ya mtu mwingine. Akabonyeza.

Ujumbe haukwenda. Ukabaki pale na kile kialama kidogo cha saa, kinazunguka, na nje muadhini akasema Allahu akbar, mara mbili, sauti ikajaa chumba. Kisha ujumbe ukaenda. Juu yake ulikuwa wa Nawaf, uliowahi.

Ghanim alitokea mlangoni mikono ikidondosha maji. Alimwona uso.

"Umekwenda?"

"Umechelewa."

"Lulwa."

"Nenda ukaswali, Ghanim."

Akasema atarudi waongee, akaenda. Kwenye kundi walikuwa wameanza kumpongeza mshindi. Mabruki, Nawaf. Mabruki ya mgahawa. Mmoja akaandika, "Mwewe leo kapaa na makucha matupu," wakamwaga vile vijiuso vya kucheka. Nawaf akaandika tu, "Swala kwanza, jamaa," akatoka.

Lulwa hakulia mara moja. Alisimama, akalikunjua zulia alilolikunja, akalinyoosha ncha, akalinyoosha ncha nyingine. Halafu akakaa juu yake na kilio kikaja chenyewe.

Ndivyo Zahra alivyomkuta, alipopita mlango wa uani na mkate wa moto wa tanuri uliopakwa mahyawa, ule mchuzi wa samaki ambao mimba hii ya Lulwa ilikuwa inaudai kila siku.

"Kuna nini? Mtoto?"

Lulwa akatikisa kichwa, akamwonyesha simu kwa kidevu. "Limekwenda. Adhana imenitangulia."

"Pole, mama. Pole." Zahra akaketi naye, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Haya, kula kwanza. Hujala. Umeshaswali?"

"Bado. Na wewe?"

"Mimi? Magharibi yangu bado, wewe."

Mkono wa Zahra ukabaki hewani na kipande cha mkate. Walitazamana. Nje, muadhini wa akina Lulwa alikuwa amekwisha kunyamaza na swala inakimiwa. Upande wa akina Zahra, mnara ulikuwa kimya, na mbinguni wekundu bado upo.

"Zahra," Lulwa akasema polepole. "Huyu Bu Hadi ni wa wapi?"

"Bu Hadi wa vitu vya kale? Mjukuu wake si kaoa binamu yangu."

"Kwa hiyo adhana yake ni ipi?"

Zahra akauweka mkate chini. "Yangu," akasema.

Lulwa akaikamata simu. Vicheko, mabruki, na juu ya hivyo vyote, wazi kabisa, bei yake. Ya juu kuliko zote. Bu Hadi hakuwa ameandika neno lolote, si la kufunga wala la kumpongeza mtu. Watu wote wa kundi, karibu wote wa adhana ya akina Lulwa, walikuwa wamefunga mnada wenyewe kwa masikio yao, pamoja na yeye, yeye aliyefuturu mara mbili utotoni mwake mwote.

"Usiguse kitu," Zahra akanong'ona, kana kwamba Nawaf angesikia. "Kaa kimya kama kawaida yako."

"Kawaida yangu ni kukaa kimya kabla. Sijawahi kukaa kimya baada."

Maana sasa bei yake ilikuwa imekaa pale nje, uchi, kila mtu anaweza kuiona na kuipandishia. Miaka yote aliwafanyia wengine hivi na hakujua ladha yake. Aliinuka, akaenda dirishani kuutazama ule wekundu, akarudi. Ulikuwa hauondoki. Akaenda tena.

"Utalichosha jua na kuzama limeshazama," Zahra akasema. "Kaa."

"Nimwambie?"

"Nani?"

"Huyo wa kahawa. Yuko kwenye swala, Zahra. Namchukulia kitu naye kasujudu."

"Ulipowachukulia wengine wakiwa chooni hukuniuliza."

Lulwa akaketi. Akaifungua nafasi ya kuandika. Kidole kikasimama juu ya herufi. Akaona vyungu vitatu vya mpungate. Akaona doa la chetezo. Akakiondoa kidole, akakikalia, mkono mzima chini ya paja, kama mtoto aliyekatazwa.

Mlango wa mbele ukafunguka. Ghanim, amerudi msikitini. Lulwa akaikodolea simu macho, maana kama Ghanim ametoka, basi na Nawaf ametoka.

"Mbona mmekaa hivyo?" Ghanim akauliza.

"Nyamaza," wakasema wote wawili.

Kwenye simu, chini ya jina la Nawaf, ikatokea: anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena. Ujumbe ukaingia.

"Bu Hadi, Mungu atutakabalie. Gari nilete lini?"

Ikafuata picha ya vyungu vitatu juu ya kaunta ya mgahawa, na maneno, "Watoto wangu wanasubiri kitanda."

Nawaf hakuangalia ujumbe ulio juu. Mtu akishaamini amepata, hahesabu tena. Lulwa aliijua tabia hiyo. Ndiyo iliyomlisha miaka yote. Lakini maneno yale ya watoto yalimwingia, akabana midomo, na mkono wake ulio huru ukaishika nguo ya Zahra ukaikunja.

Ndipo mnara wa pili ukakwaruza. Muadhini wa akina Zahra alikuwa mzee mwenye sauti nyembamba, na Lulwa hakuwahi kuiona tamu kama jioni ile. Zahra akafumba macho, midomo ikimfuatisha. Ilipokwisha, ukaja ujumbe wa sauti wa Bu Hadi. Ulikuwa mfupi, na adhana ya kwao ikimalizikia nyuma yake.

"Bismillahi. Mnada umefungwa. Susu ni la mwenye ndege. Mabruki."

Kundi likalipuka. Nawaf aliandika mbiombio, makosa matupu, kwamba adhana ililia zamani, kwamba Muharraq nzima ni shahidi.

Bu Hadi akajibu kwa sauti tena, bila haraka. "Mwanangu Nawaf, ile ni adhana yenu, Mungu awatakabalie. Mimi na wewe tumejuana miaka mingapi? Uliwahi hata siku moja kuniona nafuturu na nyinyi?"

Hapo hata waliokuwa upande wa Nawaf walicheka. Nawaf mwenyewe akaandika, "Haya. Nimeliwa."

Ghanim ndipo alipoelewa. Akakaa sakafuni karibu na mkewe, akauchukua ule mkono aliokuwa ameukalia, umekufa ganzi, akausugua. Zahra alikwenda kwake kuswali akiimba, sauti ikipita ukutani.

Baadaye kidogo simu ikalia. Nawaf, lakini si kundini. Kwake peke yake.

"Mwewe, sina kinyongo. Nauliza tu. Na wewe una mgahawa?"

Lulwa akaisoma. Akavuta pumzi, akaandika jina lake kamili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya humo. "Mimi Lulwa, mjukuu wa Bibi Moza. Nililala humo. Lile doa ni la chetezo chake. Na sasa nina mimba."

Jibu likaja.

"Ungesema hivyo Jumatatu, dada yangu, nani angekupandishia?"

Aliyasoma maneno yale jioni ile, akayasoma asubuhi akichemsha maziwa. Labda kijana alisema kweli. Labda alisema kwa kuwa limeshamtoka. Hakukuwa na namna ya kujua, na hilo lilimkaa kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Jumatatu mwuzaji wa susu alikuwa mgeni, na wa kahawa alikuwa adui, na yeye alikuwa ndege.

Susu lilifika Jumamosi juu ya gari dogo. Lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Wakaliweka chumbani karibu na dirisha, Lulwa akalifuta kwa kitambaa chenye maji, vijiti kimoja kimoja, akapitisha kidole kwenye doa. Kisha mkono wake, bila kumwuliza, ukashika ukingo na kulisukuma.

Zahra akaudaka. "Wee. Susu tupu halibembezwi. Unataka mtoto aje na msokoto wa tumbo?"

"Nilisahau."

"Husahau, huwezi kukaa. Ondoa mkono."

Lulwa akauondoa. Ukarudi. Akaifunga mikono yote miwili chini ya tumbo, akakaa ukingoni mwa kitanda analitazama susu, na mguu wake ukaanza kutikisika. Hapa hapakuwa na pumzi ya mwisho ya kuvizia. Ilikuwa miezi, na mwenye kuamua alikuwa mmoja tu, naye hajui kusoma simu.

Zahra akamwangalia, kisha akanyoosha mkono. "Lete."

"Nini?"

"Simu." Akaichukua, akailaza katikati ya susu, akaifunika mpaka kifuani kwa kile kitambaa kibichi. "Haya. Huyu ndiye mtoto wako wa miaka yote hii. Mwache alale."

Walicheka mpaka Lulwa akashika kiuno. Walipotulia, simu ikanguruma chini ya kitambaa. Mahali fulani mnada wa mtu ulikuwa unakaribia kufungwa. Lulwa hakuinuka. Aliyauma meno, akalitazama susu la Bibi Moza, ambalo kwa mngurumo ule lilikuwa limeanza kutikisika lenyewe, kidogokidogo.